Namna ya Kulinganisha Mashua Mbili za Matanga Kabla ya Kununua

Mtu anayechagua kati ya mashua mbili za safari, zenye urefu wa mita 11 au 12, mara nyingi huanza na vinavyoonekana kwa urahisi: ukubwa wa vyumba, mng'aro wa mbao, upana wa jiko na bei. Ningependa avitazame hivyo mwisho, kwa sababu godoro bovu hubadilishwa kwa siku moja, ilhali mkuku, lile pezi zito lililo chini ya chombo, ukilegea huweza kuwagharimu watu maisha. Kabla hujaziendea mashua zenyewe, andika safari utakazofanya kweli: watu wangapi watalala humo, mtakaa siku ngapi bila kuona nchi kavu, na ghuba utakayotia nanga ina kina gani maji yanapokupwa. Mashua inayohitaji kina cha mita 2.1 haikufai ikiwa ghuba hiyo hubaki na mita 1.8, hata kama inaishinda ile nyingine kwa mambo mengine yote.

Kisha chukua takwimu za watengenezaji. Usilinganishe urefu wa jumla, bali urefu wa chombo kwenye mstari wa maji, kwa kuwa huo ndio unaoamua mwendo: tafuta kipeuo cha pili cha mita hizo, ukizidishe kwa 2.43, nawe utapata kasi ya juu ya kawaida kwa noti, yaani maili za bahari kwa saa. Mita 9 hutoa takriban noti 7.3, na mita 10 takriban noti 7.7. Tofauti hiyo, kama maili 9 za bahari kwa usiku na mchana, ina maana katika safari ya wiki tatu, lakini kwa matembezi ya siku mbili haistahili kulipiwa fedha nyingi.

Kwenye farumi, yaani uzito unaowekwa chini ili chombo kisipinduke, panahitaji utulivu zaidi. Mashua ya tani 7.5 yenye farumi ya tani 2.8 ina farumi ya asilimia 37 ya uzito wake. Nyingine ya uzito uleule yenye farumi ya tani 2.1 ina asilimia 28. Usikimbilie kuihukumu hii ya pili, maana farumi iliyowekwa kwenye ncha ya mkuku mrefu huweza kukiinua chombo vizuri kuliko farumi nyingi iliyokaa karibu na tumbo. Ndiyo maana namsihi kila mnunuzi aombe mchoro wa uthabiti, unaoonyesha ni kwa pembe gani chombo kilicholala kinashindwa kujiinua. Kwa mashua ya kuvuka bahari kuu, mimi nisingekubali chini ya digrii 120. Daraja A la Ulaya la mashua, lililowekwa kwa upepo unaozidi nguvu 8 za Beaufort, kipimo cha nguvu za upepo, na mawimbi yanayozidi mita 4, ni kima cha chini tu, na mashua mbili zenye daraja hilo zaweza kutofautiana sana.

Kumbuka pia kwamba takwimu hizo kwa kawaida ni za chombo kisicho na mizigo. Maji ya kunywa lita 400 pekee ni kilo 400. Ukiongeza dizeli, mnyororo wa nanga, chakula na watu, unafika tani 1.5 bila kujua. Kwa mashua ya tani 6 hiyo ni robo ya uzito wake, na kwa mashua ya tani 10 ni asilimia 15, kwa hiyo ile nyepesi ndiyo itakayopoteza wepesi wake zaidi siku ya kung'oa nanga.

Sasa nenda kwenye vyombo vyenyewe, vikiwa vimepandishwa nchi kavu, na uanze na mkuku. Mwezi Mei 2014 yoti iliyoitwa Cheeki Rafiki, ikitoka Antigua kwenda Southampton, ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki ikapinduka, na mabaharia wake wanne wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba huenda kugusa chini hapo awali, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kulikuwa kumedhoofisha mahali mkuku ulipofungwa kwenye ganda. Basi inua mbao za sakafu, kausha ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo maji yanapokusanyika, kwa kitambaa, na umulike nati za mkuku moja baada ya moja. Tafuta kutu inayochuruzika kutoka chini ya nati na nyufa laini zinazotawanyika kama miale. Kwa nje, pitisha kidole kwenye kiungo cha mkuku na ganda, hasa upande wa tezi, yaani nyuma ya chombo, kwa sababu mkuku unapogonga mwamba ncha yake ya nyuma husukumwa juu. Ufa wa rangi pekee ni jambo la kawaida. Ufa ambao bado unatoa maji siku mbili baada ya chombo kupandishwa si wa kupuuzwa.

Sitaha uigonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Palipo pazima hulia kwa mlio mkavu, na palipooza ndani hutoa sauti butu, mara nyingi kuzunguka vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti. Nyaya zenyewe, zikifika miaka 10 hadi 15, zihesabu kuwa ni za kubadilisha, hata zikiwa zinang'aa.

Ukiweza, jaribu mashua zote mbili siku moja, katika upepo mmoja. Ziendeshe joshi, yaani karibu na upepo unakotoka, zipige bisha, yaani zipande upepo kwa kupinda huku na huku, uachie usukani kidogo uone chombo kinavyojishika. Kikiwa kimelala upande, fungua na ufunge milango ya ndani: mlango unaokwama hapo na kufunguka bandarini unaonyesha kwamba kiunzi kinajipinda.

Ndipo uandike bei, na chini ya kila bei uongeze gharama ya nyaya, matanga, injini na kila tengenezo ambalo mkaguzi ameliona. Mkaguzi huyo umchague wewe, wala usimpokee kutoka kwa muuzaji, na mkataba useme wazi kwamba arubuni yako itarudishwa yote ikiwa ukaguzi au safari ya majaribio itaonyesha kasoro isiyokubalika.