Kumsaidia Mgombea Asiye na Mtandao wa Kisiasa: Daftari, Miguu na Wakala wa Kituo

Mwaka 2015 nilikuwa na steshenari ndogo katika kata moja ya kusini mwa Jiji la Arusha. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa kutoa nakala za mitihani ya tuisheni, akaja siku moja akaniambia anagombea udiwani. Nikamuuliza kwa chama gani. Akacheka. "Chama ni cha kuazima, mwanangu. Mimi nagombea kwa miguu yangu."

Tulikuwa watu tisa wa kujitolea. Hatukuwa na gari, wala balozi wa nyumba kumi, wala fulana. Tangu hapo nimesaidia kampeni nyingine mbili za namna hiyo, na kila mara vijana huniuliza waanzie wapi. Waanze hivi.

Hatua ya 1: Jua mgombea wako anasimama juu ya nini

Tanzania haina mgombea binafsi. Katiba inamtaka anayegombea urais au ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho, na udiwani unafuata mkondo huohuo. Si kwamba hakuna aliyepinga. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hili Mahakama Kuu miaka ya 1990 akashinda, Bunge likabadilisha Katiba kuufunga mlango. Akarudi tena, akashinda tena mwaka 2006, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni jambo la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapahapa Arusha, ikatamka kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Hukumu ikasomwa mjini kwetu, na sheria ikabaki ilivyo. Ukivuka Namanga tu, Ibara ya 85 ya Katiba ya Kenya inamruhusu mtu kusimama peke yake, mradi asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi.

Kwa hiyo huku kwetu mtu wa kujitegemea huazima tiketi ya chama kidogo. Wewe unayejitolea lazima ulielewe hilo mapema, maana karatasi zote muhimu, kuanzia ya uteuzi mpaka ya mawakala, zinapita mkononi mwa chama. Mwulizeni mgombea siku ya kwanza: nani katika chama ana mhuri, anaishi wapi, anapokea simu? Sisi hatukuuliza, na tulilipia. Nitafika huko.

Hatua ya 2: Lindeni fomu

Wagombea wa kata huanguka kwenye fomu kabla hawajaanguka kwenye kura. Jina limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye kadi ya mpiga kura, mdhamini mmoja kajiandikisha kata ya jirani, sahihi imesahaulika, basi: pingamizi. Wekeni watu wawili wenye macho makali, wasioogopa kumkosoa mgombea, waisome fomu mstari kwa mstari. Kila mdhamini aje na kadi yake mkononi, msimwamini kwa mdomo. Chukueni wadhamini wa ziada. Rudisheni fomu asubuhi, si saa tisa na nusu alasiri, ili kukiwa na kosa muwe na muda wa kulirekebisha. Toeni nakala ya kila ukurasa. Hapo steshenari yangu ilipata umaarufu.

Hatua ya 3: Fungueni daftari

Nasema daftari la karatasi, lile kubwa la kaunta. Kila mtaa ukurasa wake, kila mstari mtu mmoja: jina, simu akikubali kuitoa, kituo alichojiandikisha, jambo linalomkera, na alama. Sisi tulitumia tatu. Nyota ni yuko nasi. Duara ni anafikiria. Mstari ni hapana, tumuache kwa heshima.

Safu ya kituo ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye kura. Mtu hupiga kura pale alipojiandikisha. Arusha imejaa wapangaji: kijana alijiandikisha Ngarenaro, leo kapanga Muriet, na anakushangilia kweli kweli kila ukipita. Hawezi kumpigia diwani wako kura hata moja. Tulipolipitia daftari wiki ya tatu tukakuta karibu robo ya nyota zetu ni za watu wa kata nyingine. Uchungu niliousikia siku ile sitausahau. Tangu hapo swali la pili baada ya salamu likawa: "Kadi yako ni ya kituo gani?" Na uandikishaji ukifunguliwa kabla ya kampeni, kazi ya kwanza ya kujitolea ni kuwahimiza waliohama wahamishe taarifa zao, bila kuwauliza watampigia nani.

Daftari anakaa nalo mtu mmoja. Halipigwi picha, halitumwi WhatsApp. Siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata bila sheria, mama aliyekutajia shida zake mlangoni hakukupa ruhusa ya kuzitangaza.

Hatua ya 4: Mlango kwa mlango

Hesabu yetu ilikuwa hivi. Mimi nilibaki na daftari, wanane wakagawanyika wawili wawili, jozi nne. Kila jozi milango 12 kwa jioni, jumla 48. Jioni nne kwa wiki ni 192, na kampeni ya wiki tisa inakupa milango 1,728. Kwa uchaguzi wa kata hiyo ni nguvu kubwa kuliko jukwaa lolote.

Jozi nzuri ni mwanamke na mwanamume, au kijana na mtu mzima. Vijana wawili wa kiume wakigonga saa moja usiku, hakuna atakayefungua, na wenye nyumba wana haki. Tembeeni kati ya saa kumi na saa kumi na mbili kasoro. Jumamosi waacheni Wasabato, Jumapili subirini watu watoke kanisani na kula, Ijumaa mchana kumbukeni swala. Septemba na Oktoba vumbi la huku kusini halina huruma, kwa hiyo bebeni kitambaa cha kufutia viatu. Mnacheka, lakini mtu anayefuta viatu mlangoni hukaribishwa ndani.

Shikamoo kwanza, jina lako, mtaa unaokaa, halafu swali. Msianze na sera. "Mama, hapa kwenu tatizo kubwa ni nini?" Halafu nyamazeni. Yeyo mmoja, yaani mama wa Kimaasai, alituweka dakika 40 kwa habari ya maji yanayotoka usiku wa manane, analazimika kuamka kuyakinga. Wenzangu walianza kuangalia saa. Yule mama ndiye aliyetufungulia uchochoro mzima, kwa sababu kesho yake aliwaambia jirani zake kwamba hawa watoto wanasikiliza.

Msiahidi kitu ambacho diwani hana. Barabara za mitaa tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na maji ni ya AUWSA, mamlaka ya maji ya Arusha. Diwani anaweza kubana, kuuliza, kupiga kelele kwenye baraza la madiwani na kusimamia bajeti ya halmashauri. Hawezi kukuletea lami kesho. Jambo moja ambalo mnaweza kulieleza vizuri, na watu hulisikiliza kwa makini, ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo: nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu. Mama lishe wengi wamelisikia tu juujuu. Elezeni kikundi kinasajiliwa vipi, hata kama hatawapigia kura.

Salamu za Kimaasai, Kimeru au Kichaga ni heshima, tumieni. Lakini siku mtakaposema "mpigie huyu ni wetu", mmeshaharibu, na pia mmevunja maadili ya uchaguzi. Halikadhalika msiingize kampeni kanisani wala msikitini.

Hatua ya 5: Pesa, na chawa

Fungueni kitabu cha pesa siku ya kwanza: aliyetoa, alichotoa, kilikokwenda. Andikeni hata vitu. Jenereta ya kuazima, ndoo ya maharage, ream mbili za karatasi. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inamtaka mgombea atoe hesabu, na ni kazi ngumu mno kuikumbuka Novemba pesa iliyotumika Agosti.

Msimpe mpiga kura kitu. Hata soda. Zamani kulikuwa na kitu kinaitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, Mahakama Kuu ikaikataa mwaka 2006, na mgombea maskini anapaswa kushukuru kwa hilo kila siku, maana kwenye mashindano ya kugawa hashindi kamwe. Mtu akikuuliza "mmetuletea nini", mwambie mmeleta miguu.

Halafu kuna wapambe, siku hizi wanaitwa chawa. Watakuja. Anasema ana vijana 200 kijiweni, anahitaji tu mafuta ya bodaboda na ya kuwachangamsha. Mpeni kazi kabla ya pesa: mwambieni achukue milango 12 ya leo jioni. Katika kampeni tatu sijaona hata mmoja aliyerudi.

Hatua ya 6: Mikutano michache

Fuateni ratiba iliyokubaliwa kwa msimamizi wa uchaguzi, ifikapo saa kumi na mbili jioni zimeni spika. Tulifanya mikutano sita tu, kwenye vijiwe na karibu na magenge. Umati haukuambii kitu. Nusu ni watoto, na waliobaki wamefuata muziki.

Hatua ya 7: Kuzima uvumi

Mwaka ule mgombea ubunge mmoja wa Arusha Mjini alifariki wakati wa kampeni, uchaguzi wa ubunge ukasogezwa mpaka 13 Desemba. Kwetu kura ya rais na ya diwani ilibaki palepale, 25 Oktoba. Lakini mtaani habari ikawa "uchaguzi Arusha umeahirishwa", basi. Watu walianza kupanga safari za kwenda Rombo na Babati wikiendi hiyo.

Hapo daftari lilitulipa. Tuligawana namba, kila mmoja akapiga simu 60, sentensi mbili tu: "Udiwani uko palepale Jumapili ya tarehe 25. Kituo chako ni shule fulani." Kupiga, si kutuma ujumbe, kwa sababu ujumbe wa siasa watu walikuwa wameshauchoka. Mkiwa na habari ya kukanusha, semeni lililo kweli moja kwa moja na wala msiurudie ule uvumi.

Hatua ya 8: Mawakala

Hili ndilo la mwisho kwa wengi, na lilipaswa kuwa la kwanza. Wakala wa kituo anateuliwa na chama, anaapishwa kabla ya siku ya kura, na jina lake lazima liwe kwenye orodha. Tulikuwa na vituo 27 na watu 27 tayari. Kiongozi wa chama mwenye mhuri alikuwa safarini, simu haipatikani, orodha ikafika kwa kuchelewa. Waliopita ni 19. Vituo vinane tukabaki kusimuliwa. Idaini orodha hiyo mwezi mzima kabla, mtu mmoja aende akakae mlangoni kwa huyo mwenye mhuri mpaka asaini.

Mchagueni wakala mtulivu, anayejua kusoma tarakimu, asiyetishika na asiyegombana. Afike kabla ya saa moja asubuhi vituo vinapofunguliwa, aone sanduku likiwa tupu, aandike namba za lakiri. Mfungieni chakula na maji, kwa kuwa kura inafungwa saa kumi jioni lakini hesabu huenda usiku, na wakala mwenye njaa huondoka pale anapohitajika. Awe na tochi, kalamu mbili. Kura zikihesabiwa, ahakikishe tarakimu za fomu ya matokeo, mwaka ule kwa diwani ilikuwa 21C, zinafanana na alizoandika yeye, ndipo asaini, na asitoke bila nakala. Kama ana lalamiko aliandike palepale. La kwenye baa kesho halina kazi.

Nyie wengine mkishapiga kura, nendeni nyumbani. Sheria inakataza alama za kampeni ndani ya mita 200 kutoka kituoni, na mwaka 2015 ubishi wa kukaa nje ya hizo mita 200 ulifika Mahakama Kuu, jibu likawa msikusanyike. Kaeni kwenye simu, mkikumbusha nyota zenu moja moja.

Hatua ya 9: Kesho yake

Tulikuwa wa pili. Jumatatu tulibandua mabango yetu ukutani, tukarudisha jenereta, tukafunga kitabu cha pesa na Mwalimu akasaini. Kisha akaniomba ninakili kurasa zinazohusu maji, bila jina la mtu, akaenda nazo kwa diwani aliyetushinda. Lile daftari tulilichoma nyuma ya steshenari jioni ileile, yeye akikoroga majivu kwa rula yake ya shule.