Somo: Mbao mbili, mfuko mmoja, ndege hadi kisiwani

"Mimi na mwenzangu tunakwenda kuteleza mawimbini, mbao tunazifungaje?" Nimechoka kulijibu swali hili kipande kipande. Haya yote hapa, mtumiane.

1. Ulizeni urefu na uzito unaokubalika, hasa kwenye ndege ndogo ya mwisho ya kuingia kisiwani. Hiyo ndiyo inayokwamisha watu, si ile kubwa. Mfuko ukipita kilo 32, mashirika mengi hayaupokei hata ukilipia.

2. Ng'oeni mapezi ya chini ya ubao na kamba za mguuni.

3. Kwangueni nta, ile inayopakwa juu ya ubao ili miguu ishike. Ubao ukae juani dakika tano, nta ilainike, kisha pitisha kadi ya plastiki. Ukiiacha, itayeyuka mfukoni na kuhamia tumboni mwa ubao wa mwenzako.

4. Kufunga. Hatua hii niliwahi kuivuruga, ndiyo maana ni ndefu. Watu huogopa mfuko kurushwa, kumbe madhara mengi yanatokana na mbao kucheza ndani yake. Ubao mrefu ulale chini, mfupi juu, na kati yao taulo nene kutoka pua hadi mkia. Sponji za kuvisha mabomba zipasueni kwa urefu, mvishe kingo za kila ubao. Pua na mikia ivikwe tabaka tatu za plastiki ya vipovu. Zifungeni mbao pamoja kwa mikanda miwili laini, ndipo mjaze nguo kila penye uwazi. Inua mfuko upande mmoja, utikise: ukisikia kitu kinagonga, fungua uanze upya. Onyo: msikaze mikanda kama mnafunga magunia, kingo zitabonyea. Onyo la pili: hakuna kitu kigumu kugusa ubao, pezi lililotupwa ovyo mfukoni linatoboa.

5. Vipuri: kamba moja ya akiba, seti moja ya mapezi, bisibisi ya pembe sita, gundi-tepu ya kuzibia nyufa, na nta ya maji ya joto (nyuzi 24 na zaidi). Nta ya maji baridi huko inakuwa uji.

Chewa: Mkuu, mapezi si niyaache tu? Mfuko wangu mnene.
— Hatua ya 2.

Ngalawa: Seti moja ya mapezi inatutosha wote wawili?
— Kama mifumo yenu inafanana. Futures na FCS ni mifumo miwili tofauti ya kushikiza mapezi: mapezi ya Futures hayaingii kwenye ubao wa FCS. Linganisheni kabla ya kuondoka.

Ngalawa: Asante. Ubao wangu una kiskrubu upande wa juu, kazi yake nini?
— Swali zuri. Huo ni ubao wa povu la EPS, yaani povu jepesi la polistirini. Hewa iliyo ndani hutanuka shinikizo la nje likishuka au joto likipanda, na ikikosa pa kutokea, ngozi ya ubao inabanduka kwenye povu. Kilegeze kabla ya safari, kikaze kabla ya kugusa maji, la sivyo povu litakunywa bahari. Vingine hupumua vyenyewe, havina cha kulegeza. Na ukipasuka, tumia gundi ya epoksi tu. Ya poliesta huyeyusha povu hilo.

Chewa: Nimefunga hivyo hivyo na pua imechubuka.
— Ulijaza nguo mbele ya pua?
Chewa: Nguo ziko kwenye begi langu.
— Basi hukufunga hivyo hivyo.

Jongoo Bahari: Mwenzangu hajawahi kuteleza juu ya matumbawe. Tuingie saa ngapi?
— Maji yakiwa yamejaa nusu na bado yanapanda. Epukeni kupwa kwa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mwamba huwa karibu uso wa maji. Kaeni kwanza ufukweni nusu saa, mtazame mlango wa mwamba uko wapi; ndiko pa kutokea na kurudia. Akianguka, aanguke bapa, mikono ifunike kichwa, asitafute chini kwa miguu.

Ngalawa: Na akichanika? Naskia ndimu inasaidia.
— Ndimu inauma tu, chembe za tumbawe zinabaki. Maji safi na sabuni, sugua kwa brashi laini hadi chembe zitoke, kisha dawa ya kuua vijidudu. Wekundu ukisambaa au homa ikija, hospitali. Chanjo ya pepopunda mchanje kabla ya safari.