Jinsi ya kushika benzokwinoni kwa usalama

Benzokwinoni ni fuwele za manjano zenye harufu kali inayochoma pua, na viwandani hutumika hasa kutengenezea haidrokwinoni (kemikali inayotumika, kwa mfano, kusafishia picha za filamu), kuzuia baadhi ya kemikali za plastiki zisigande kabla ya wakati, na kama kioksidishaji, yaani kemikali inayochukua elektroni kutoka kwa kemikali nyingine. Huyeyuka kwenye nyuzijoto 115 hivi, lakini hata katika joto la kawaida hutoa mvuke bila kuyeyuka kwanza, kwa hiyo pipa lililoachwa wazi ni hatari ingawa hakuna vumbi linaloonekana.

Linda macho kabla ya kitu kingine chochote. Mvuke wake, ukimfikia mfanyakazi siku baada ya siku, huacha madoa ya kahawia kwenye weupe wa jicho na huweza kuharibu konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Ndiyo maana kikomo cha kisheria nchini Marekani ni miligramu 0.4 tu kwa mita ya ujazo ya hewa, kwa zamu ya saa 8. Vaa miwani inayoziba pande zote, glavu na barakoa yenye kichujio kinachofaa, na upimie benzokwinoni chini ya kifyonza hewa.

Ikimwagika, usifagie kwa ufagio mkavu. Ichote polepole kwa kijiko cha plastiki na kuitia kwenye chombo chenye kifuniko. Ihifadhi penye ubaridi, pakavu, pasipo mwanga, kwani ikiwa na unyevu na kupata joto huanza kuvunjika kikemikali na kujipasha moto yenyewe.

Ikiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali mara moja.