Namna ya kujua brigade yako ya sekuriste inahitaji formasyo gani kweli

Mashefu wa brigade za sekuriste (watu wa huduma ya kwanza) wa hapa Goma, mbele ya kuomba formasyo (mafunzo) nyingine kwa mtu yeyote, naomba mujaribu hii kwanza.

Siye wa kujitolea tuko sawa na askari wa akiba. Mtu ni fundi cherehani kule Birere, mwengine anaendesha moto (pikipiki), mwengine mwalimu, kila mtu na maisha yake, halafu siku moja simu inalia na unataka afanye kazi sawa mtu aliyefanya mazoezi jana. Wanajeshi wa akiba wa Marekani kawaida yao ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka, na hata wao wanajua ule muda hautoshi kufundisha kila kitu, kwa hiyo wanauliza kwanza: hii unite ikiitwa, itaitwa kufanya nini? Kisha kila kazi inapewa herufi, T kama wanaiweza, P kama inataka mazoezi, U kama hawaijui. Tunaweza kuchukua namna ile ile.

Usianze kwa kupitisha karatasi ya "unapenda kujifunza nini". Watu wataandika kompyuta, Kiingereza, kuendesha gari, na si vibaya, lakini haikuambii watafanya nini usiku mulima Nyiragongo, volkano yetu, ukifunguka. Chukua kaye (daftari), uandike mambo yaliyotufikia kweli. 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji. 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo tena, na kisha siku tano kartie 10 zikaambiwa zihame, wengine Sake, wengine Minova, wengine wakavuka Gisenyi, na watoto wakapotezana na wazazi wao njiani. Ongeza kolera, ongeza aksida za pikipiki za kila siku, ongeza mazuku, ile gaze ya kuua inayotoka ndani ya udongo. Kazi zisipite kumi, zikipita hautazipima zote.

Sasa kila kazi uiandikie kipimo, na hapa njo pa kukaa muda murefu. "Anajua huduma ya kwanza" si kipimo. Kipimo ni hivi: anafunga garo (mukanda wa kusimamisha damu) sentimeta 5 mpaka 7 juu ya kidonda, si juu ya goti wala kiwiko, damu inasimama, anaandika saa aliyofunga, na anafanya yote gizani juu umeme unakatika bila kuuliza mtu. Masaji ya moyo kwa mtu mzima: anasukuma mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kifua kinashuka sentimeta 5 mpaka 6, na kila akisukuma anaacha kifua kirudi juu. Na mazuku ndiyo inanigusa zaidi. Ile gaze ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala ndani ya mashimo, haina rangi wala harufu, na mask ya kitambaa haisaidii kitu. Mtu akianguka chini, rafiki yake anashuka kumutoa, naye anabaki pale. Kwa hiyo kipimo cha mazuku ni sekuriste kubaki juu, kuzuia watu wote wasishuke, hata mama wa mtoto analia mbele yake. Hii ni ngumu kuliko garo na karibu hakuna mtu anaifanyia mazoezi.

Halafu watazame wakifanya. Usiwaulize kama wanajua. Kikundi kimoja nilichosaidia kilikuwa na watu 12, wote na breve (cheti), nikauliza nani anaweza masaji ya moyo, mikono yote juu. Hatukuwa na manikeni (sanamu ya mazoezi), tukajaza nguo ndani ya mufuko wa muchele, wakajaribu mmoja mmoja, wakafaulu wanne. Walikuwa wamejifunza miezi nane nyuma. Usiwalaumu, mikono inasahau, ndani ya miezi mitatu mpaka sita hiyo kazi inaanza kupungua kwa mtu yeyote asiyeirudilia. Lakini wazee wa brigade uwapime pembeni tafazali, juu mzee akiaibika mbele ya vijana harudi tena, na unapoteza mtu aliyeona 2002 kwa macho yake.

Ukiona kazi imeshindikana, uliza kwa nini mbele ya kuandika "formasyo". Kikundi kile kile kilichelewa sana kubeba mgonjwa, kila mtu akasema tufundishwe kubeba, kumbe brankare (machela) ilikuwa imefungiwa ndani ya biro na ufunguo uko kwa shefu anayelala Mugunga. Pale seminere ya siku tatu haitasaidia kitu, fanya ufunguo wa pili. Glovu hazipo, telefone haina krediti, hakuna anayejua nani anaita nani, yote hayo si formasyo.

Zile zinazobaki, anza na kinachoua haraka na kinachotokea mara nyingi. Uliza pia saa za watu, mama anayeuza kwenye soko la Virunga hawezi kukupa siku tatu nzima, lakini dakika 20 kisha mukutano wa Jumapili atakupa, na dakika 20 kila mwezi zinashinda siku tatu mara moja kwa mwaka.

Kila mukitoka kazini kweli, mukae siku ile ile, hata chini ya muti, mujibu maswali manne: tulitaka kufanya nini, kilitokea nini, kwa nini, na mara ingine tutafanyaje. Badilisha herufi palepale. Karatasi ya T, P na U ibandikwe ukutani kila mtu aione, lakini ukutani ni kazi tu, majina ya watu yabaki ndani ya kaye yako.