Digoksini na Potasiamu Wodini: Hesabu Kabla ya Kumpa Mgonjwa

Mgonjwa wa moyo anayetumia digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo na kuupa nguvu, mara nyingi anapewa pia furosemaidi. Furosemaidi humkojoza na kumpotezea potasiamu, madini ya damu yanayosaidia moyo kupiga, na potasiamu ikishuka digoksini huwa kali kwa dozi ileile ya jana. Kwa hiyo soma majibu ya potasiamu na figo kabla ya kufungua pakiti.

Weka stetoskopu chini ya chuchu ya kushoto, uhesabu mapigo dakika nzima. Usitegemee kifundo cha mkono: moyo usiopiga kwa mpangilio hupiga mapigo mengine yasiyofika huko. Kwa mtu mzima, yakiwa chini ya 60, usimpe. Mwite daktari na uandike kwenye chati. Vivyo hivyo akiwa na kichefuchefu, amekataa chakula, anaona rangi ya njano au, kwa mzee, ameanza kuchanganyikiwa ghafla. Wengi hudhani ni malaria, kumbe digoksini imezidi mwilini.

Angalia nukta ya desimali kwenye dozi. Kidonge cha 0.25 mg ni mikrogramu 250, aliyeandikiwa 0.125 mg anapata nusu.

Potasiamu kloraidi ya sindano haisukumwi kamwe moja kwa moja kwenye mshipa, kwani husimamisha moyo. Ampuli yake hufanana na ya maji ya sindano, basi ifungiwe kabati tofauti. Anayeweza kumeza apewe ya kunywa. Ikibidi dripu, hakikisha kwanza anakojoa. Ampuli ya mililita 10 ya asilimia 15 ina milimoli 20 za potasiamu. Ichanganye katika mililita 500 za maji ya dripu ya chumvi (normal saline), uigeuze chupa juu chini mara 10 kabla ya kuitundika. Ukiongeza dawa kwenye chupa iliyokwisha kutundikwa, hujikusanya chini na kuingia yote mwanzoni. Ikiingia kwa saa 4, kwa seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Usizidishe milimoli 10 kwa saa bila mashine ya kufuatilia moyo. Muuguzi wa pili apige hesabu yake mwenyewe, asitazame yako.

Anayeruhusiwa kurudi Bahi au Mpwapwa aambiwe: akisahau dozi, asimeze mbili pamoja, akiharisha au kutapika, aende zahanati ya karibu siku hiyohiyo, na vidonge vyake mkononi.