SOMO: Sehemu zinazotokea ukitafuta rekodi za Dynamics 365 ndani ya Outlook

Dynamics 365 ni programu ya Microsoft ya kutunza rekodi za biashara, na Outlook ni ya barua pepe. Swali linalorudi kila siku, hasa kutoka kwa wenzetu wa klirini na fowadi (watoaji mizigo bandarini), ni hili: nitachaguaje sehemu zinazoonekana nikitafuta rekodi humo? Naliweka hapa mara moja. Mfano ni jedwali la Shehena.

1. Ingia make.powerapps.com, chagua mazingira (environment) ya kazi yenu.
2. Tables, Shehena, Views.
3. Fungua mwonekano (view) wa aina ya Quick Find, yaani wa utafutaji wa haraka. Hapa ndipo pa kuangalia sana, maana una orodha mbili. Safu za kutafutia, zilizo upande wa kulia, ndizo mfumo unazopekua. Safu za mwonekano ndizo unazoziona. Nambari ya kontena ukiiweka kwenye mwonekano peke yake, utaiona lakini ukiitafuta hupati kitu. Iweke kote kuwili. Wala usirundike kila kitu kwenye kutafutia: sehemu za maelezo marefu huburuza utafutaji.
4. Fungua Lookup View pia. Kisanduku cha kuunganisha barua pepe na rekodi huonyesha safu za huku. Paneli ya Outlook ni nyembamba: anza na jina, kisha kontena. Ukitanguliza tarehe, shehena za siku moja zitafanana zote.
5. Save and publish, kila mwonekano.

MAONI YA WASOMAJI

Mgeni wa Likoni: Shekhe, nimefuata yote, haifanyi kazi.

Mwandishi: Haionekani au haipatikani? Ni mambo mawili.

Mgeni wa Likoni: Haionekani. Nimesevu.

Mwandishi: Kusevu si kuchapisha. Hatua ya 5. Kisha funga paneli, uifungue tena.

Binti Changamwe: Ahsante mwalimu. Wateja hutuandikia tarakimu za kontena tu, bila zile herufi. Sipati kitu.

Mwandishi: Umeuliza la maana, dada. Utafutaji wa kawaida hulinganisha kuanzia mwanzo, na nambari ya kontena huanza na herufi 4 ndipo zije tarakimu 7. Tanguliza nyota: *4719203. Utachelewa kidogo, lakini utaipata. Angalia pia tarakimu ya mwisho, ile iliyochorewa kisanduku mlangoni mwa kontena: wengine huiandika baada ya kistari, wengine huiacha. Kubalianeni muundo mmoja.

Mdau wa Kilindini: Simu nazo hivyo hivyo. Nyingine zimeingizwa 07, nyingine +2547. Sisi twatafuta kwa nyota na tarakimu 9 za mwisho.

Mwandishi: Sawa kabisa, mradi hakuna nafasi katikati ya tarakimu.