Kupiga hesabu ya ruzuku ya chekechea: anza na chumba, si mtoto

Kila Februari simu yangu haitulii. Wenye shule ndogo za chekechea huku Eastlands, Nairobi, wanauliza swali lile lile: serikali ikisema itamlipia mtoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea; wa pili ni PP2), ile pesa ya kila mtoto inapimwa vipi, na sisi tuombe ngapi? Nilianza kupiga hesabu hizi nikiwa karani wa shule, na siku hizi nasaidia shule kuandaa bajeti. Chukua daftari. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Hatua ya 1: Jua nani analipa mshahara

Mgao wa shule za msingi za umma ulianza na shilingi 1,020 kwa mwanafunzi kwa mwaka, elimu ya bure ilipoanza 2003. Baadaye ukawa 1,420. Ukimtajia mwenye shule ya kibinafsi kiasi hicho anacheka, lakini anacheka bure, kwa sababu mwalimu hayumo humo. Mwalimu analipwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. 1,420 ni ya vitabu na matumizi ya shule.

Chekechea ina mambo yake. Katiba ya 2010 iliiweka chini ya kaunti, kwa hivyo kaunti ndiyo huajiri walimu wa umma wa PP1 na PP2, na kila kaunti hujipangia. Juu kabisa ya ukurasa wako andika kwa herufi kubwa: MSHAHARA UMO, au MSHAHARA HAUMO. Nimekaa kwenye mikutano watu wakibishana saa mbili, kumbe mmoja amehesabu mwalimu na mwenzake hakumhesabu.

Mfano wetu una mshahara ndani, kana kwamba kaunti inanunua nafasi katika shule ya mtaa.

Hatua ya 2: Piga gharama ya chumba kimoja kwa mwaka

Mtoto hana gharama yake peke yake. Akiondoka mmoja, mwalimu hapunguziwi mshahara wala landlodi hapunguzi kodi. Ndiyo maana tunaanza na chumba. Hizi ni za mfano, weka zako:

Mwalimu analipwa 20,000 kwa mwezi. Juu yake mwajiri anaongeza NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6 (1,200), ushuru wa nyumba asilimia 1.5 (300), na shilingi 50 za NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani). Jumla 21,550. Msaidizi wa 17,000 anafika 18,325 kwa njia hiyo hiyo. Wote wawili kwa miezi 12: 478,500. Ndiyo, miezi 12. Likizo ya Agosti na Desemba mwalimu anakula.

Fungu la chumba katika gharama za pamoja, yaani kodi, mwalimu mkuu, mlinzi, umeme na maji: shule ina vyumba vinne na inatumia 1,080,000 kwa mwaka, kwa hivyo chumba kimoja kinabeba 270,000. Vifaa vya kufundishia 45,000. Ukarabati 30,000, na usiuache nje. Kiti cha plastiki cha mtoto wa miaka minne hakimalizi mwaka.

Chumba: 823,500. Chakula kiweke ukurasa wake, kwa sababu hicho kweli hufuata idadi ya watoto waliokuja siku hiyo.

Hatua ya 3: Chagua cha kugawia (hapa ndipo pesa hupotelea)

Gawa kwa watoto 30 walioandikishwa: 27,450 kwa mtoto. Gawa kwa 24 wanaofika kwa wastani: 34,312 na senti hamsini. Chumba ni kile kile, mwalimu ni yule yule.

Ubaya ni serikali inapogawa kwa 30 halafu ikalipa kwa 24. Itakutumia 658,800, na pengo la 164,700 ni lako. Hakuna aliyeiba. Ni kigawanyo tu kilichobadilishwa kati ya ofisi inayopanga na ofisi inayolipa.

Mimi mwenyewe nilifundishwa hili kwa aibu. Afisa mmoja alikuja kukagua shule niliyokuwa karani. Nikamwonyesha rejista, watoto 31. Hakuingia darasani. Alisimama mlangoni, akainama, akaanza kuhesabu viatu: sandali za mpira, buti ndogo za mvua, kiatu kimoja kimefungwa kamba ya nailoni. "Karani, hapa mna ishirini na wawili." Ilikuwa Julai, baridi kali, nusu ya watoto wana kikohozi. Rejista yangu ilikuwa ya Januari.

Hakukosea kuhesabu, ila viatu havikumwambia kuhusu kodi. Mwaka 2024, mafuriko yalipoahirisha kufunguliwa kwa shule kutoka mwisho wa Aprili hadi katikati ya Mei, hapakuwa na kiatu hata kimoja mlangoni, na landlodi alidai yake. Kwa hivyo omba ulipwe kwa walioandikishwa, lakini rejista isafishwe kila muhula. Nchini Marekani vituo vilipigia kelele jambo hili kwa miaka mingi, mpaka kanuni ya serikali kuu ya 2024 ikayataka majimbo yalipie walioandikishwa, tena mapema, si baada ya huduma.

Hatua ya 4: Tambua serikali inatumia njia ipi

Ya kwanza ni kuuliza bei ya soko. Majimbo ya Marekani hukusanya karo za vituo, huzipanga kutoka ya chini hadi ya juu, kisha huchagua mahali pa kusimama. Kwa muda mrefu kigezo kilichopendekezwa kilikuwa bei inayotosha kulipia nafasi 75 kati ya kila 100, ingawa majimbo mengi yalilipa chini ya hapo.

Njia hii naiogopa kwa mitaa yetu. Zunguka mtaa wa mabanda wa Mukuru ukiuliza karo na utapata kile mama mboga anachoweza kutoa, si kile chumba kinachotumia. Tofauti imefichwa kwenye mshahara wa mwalimu anayepokea nusu na kungoja nusu. Ukipanga ruzuku juu ya karo hiyo, umeugeuza umaskini wa mtaa kuwa sera.

Ya pili ni kukokotoa gharama halisi, kama tulivyofanya hapo juu. New Mexico ilihamia huko. Ya tatu ni fomula, kama ya England iliyoanza Aprili 2017: sehemu kubwa ni kiwango sawa kwa kila mtoto, kisha nyongeza kwa mahitaji zaidi na kwa maeneo yenye gharama kubwa. Kwa miaka kadhaa halmashauri zilitakiwa kupitisha angalau asilimia 95 ya pesa hizo hadi kwenye vituo. Kifungu hicho kiombe hata kama utasahau vingine vyote.

Hatua ya 5: Nyongeza

Mtoto mwenye ulemavu aongezewe kwa hesabu, si kwa huruma: msaidizi wa nusu siku ni kiasi gani? Andika hicho.

Hatua ya 6: Peleka kwa wakati

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini ukingoja Juni umechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Viwango vya juu vya kila idara hupangwa kwenye ule wa Februari, ndiyo maana nasema simu hazitulii.

Ukurasa mmoja unatosha: gharama ya chumba, kigawanyo, kiwango, na sentensi moja ya nani analipa mshahara. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa tarehe urudi nayo.